Ugonjwa wa shosho si kontenti yako

Umeshaziona hizo video. Vijana waliovaa fulana za rangi moja wanashuka kwenye matatu ya kukodi wakiwa wamebeba unga, sukari, sabuni na pakiti za nepi za watu wazima. Muziki wa polepole unacheza. Kamera inaingia ndani, inapita kitanda baada ya kitanda, halafu inasimama kwa nyanya mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji. Sauti inasema, "Huyu shosho ana kisukari, mguu umeanza kuoza, na watoto wake walimtupa." Kwenye maoni watu wanamwaga mioyo na machozi. Nambari ya kuchangia inapita chini ya skrini.

Sikuambii usiende. Nenda, tena nenda hata siku isiyo Krismasi, kwa sababu Februari hakuna anayekumbuka kwamba hao watu hula kila siku. Ninachotaka tuongee ni hiyo sentensi ya "ana kisukari". Nani alikupa hiyo habari? Ni yeye mwenyewe, au ni mhudumu aliyekuwa anakutembeza akikuonyesha vyumba? Na kama ni yeye, alijua kwamba anakuambia wewe pamoja na wafuasi wako elfu arobaini?

Hebu tuelewane kwanza kuhusu jina. Hapa Kenya ukiona bango la "nursing home" kando ya barabara, mara nyingi hiyo ni hospitali ndogo ya kibinafsi, na pengine ndiko ulikozaliwa. Siongelei hizo. Naongelea makao ya wazee, mahali ambapo mtu anaishi, analala, anaoga na kupewa dawa na watu ambao si wa familia yake. Mengi yanaendeshwa na makanisa, mashirika ya hisani na watu binafsi. Kuna yenye bustani, magari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kuna yale ya vyumba sita na paa la mabati, ambapo wahudumu watatu wanafanya kazi ya watu kumi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 kwenda juu. Wengi wao wako nyumbani na jamaa zao, lakini sisi tunaoishi bedsita Roysambu na Pipeline tunajua ukweli: mama akizeeka, nani ataacha kazi amshinde siku nzima? Kwa hivyo hii stori si ya watu wengine. Ni ya mzazi wako miaka ishirini ijayo, halafu ni yako.

Wengi wetu tunafikiria siri ya mgonjwa ni faili. Daktari akifunga kabati, basi, imelindwa. Lakini kwenye makao ya wazee ugonjwa hauishi kwa faili. Unaishi kwa mlango wenye karatasi iliyobandikwa "asipewe sukari". Unaishi kwa sahani ya plastiki yenye jina na vidonge vitano, kwa daftari la dawa lililowekwa mezani pale mapokezi ambapo wageni wanasaini, na kwa mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda huku wewe ukipiga selfi. Mtu anaishi mahali ambapo kila kitu chake cha ndani kiko nje. Wewe ukiugua unaenda kliniki, unarudi kwako, unafunga mlango, na hata jirani hajui. Yeye mlango wake hauna kufuli, na ufunguo wa bafu uko kwa mtu mwingine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sheria hata sikuwa nasomea. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si ngumu kusoma ukikaa nayo na kikombe cha chai. Inaita habari za afya data nyeti, na maana inayozipa ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Haiishii kwa matokeo ya maabara. Inahusu hali ya mwili na ya akili, iliyopita, ya sasa na hata ijayo, na pia chochote kinachomhusisha mtu na huduma fulani ya matibabu. Soma tena hapo mwisho. Picha ya guka akiwa kwenye mashine ya kusafisha figo, hata kama hujaandika neno moja, inasema ana shida ya figo. Picha ya nyanya na kadi yake ya kliniki pia inaongea. Sheria hiyo inasema data za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya usimamizi wake, au na mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kijana wa kupiga video si mmoja wao. Mfadhili pia si mmoja wao, hata akiwa ameleta lori zima la mchele.

Juu ya hiyo kuna Katiba. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake ya binafsi zisianikwe bila sababu. Kifungu cha 57 kinawataja wazee moja kwa moja, kwamba waishi kwa heshima na wasidhulumiwe. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema habari za mgonjwa ni siri. Kwa hivyo makaratasi tunayo, tena mengi. Shida yetu haijawahi kuwa makaratasi.

Sasa nikupe stori. Dadake nyanya yangu alikaa kwenye makao fulani kwa miaka miwili. Sitataja ni wapi. Walikuwa na grupu ya WhatsApp ya familia zote, wazo ambalo kusema ukweli lilikuwa poa: unajua kama maji yamekatika, unajua siku ya kutembelea, unajua nani anatimiza miaka tisini. Asubuhi moja mhudumu akatuma picha ya ukurasa mzima wa daftari la dawa. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Dawa zilikuwa zinaisha na alitaka kila familia inunue ya mtu wake. Lakini ukurasa ulikuwa na majina kumi na manne, na mbele ya kila jina kulikuwa na dawa na kipimo chake.

Hata kama si daktari, ukiandika jina la dawa kwenye Google unapata jibu kwa sekunde tatu. Ndani ya lisaa limoja watu zaidi ya hamsini walijua nani anatumia dawa za akili, nani ana kifafa, na nani, akiwa na miaka sabini na nne, anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV. Mhudumu alifuta ile picha baadaye, lakini wewe unajua skrinshoti haziombi ruhusa. Wiki hiyo hiyo familia moja ikataka mama yao ahamishwe chumba. Hawakusema sababu, na hawakuhitaji kuisema. Yule nyanya mwenye dawa zake akabaki peke yake kwenye chumba cha vitanda viwili, na kwa vile yeye hakuwa kwenye grupu, hakuwahi kuelezwa kwa nini rafiki yake wa kusuka vikapu aliondoka.

Hakuna aliyedukua kitu. Tukisikia "data imevuja" tunafikiria kijana mwenye kofia ya jasho akiwa gizani na kompyuta tatu. Kwenye makao ya wazee data huvuja mchana, na mara nyingi mkono unaoivujisha ni wa mtu mzuri.

Na kuhusu HIV tusizunguke. Tuna sheria maalum tangu 2006, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi, inayokataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Kuna hata jopo maalum la kusikiliza kesi hizo, na linaweza kuamuru mtu alipwe fidia. Vijana tunajua kiasi kuhusu hilo kwa sababu ya mafunzo ya shule na vilabu vya afya. Lakini akili zetu zimekwama kwamba HIV ni ugonjwa wa umri wetu. Watu walioanza dawa miaka ya elfu mbili na kitu wakiwa na umri wa miaka hamsini, leo wana sabini na zaidi, wako hai na wana nguvu. Dawa zilifanya kazi yake. Watu hao wanazeeka, na wengine watazeekea kwenye makao, mahali ambapo vidonge vyao vinagawiwa mbele ya kila mtu wakati wa uji.

Utaniuliza, kwani hiyo ofisi ya data inafanya nini? Inafanya, tena inafanya kwa mambo unayoyajua. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ile watu wanaita ODPC, iliipiga kampuni ya simu ya Oppo faini ya Sh5 milioni baada ya kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila idhini yake. Septemba 2023 ikaja zamu ya Casa Vera, klabu ya hapa Nairobi, Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa anajivinjari. Siku hizo hizo Roma School ya Uthiru ikapigwa Sh4.55 milioni kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi.

Angalia hiyo orodha vizuri. Mtu wa klabu analindwa, na ni sawa. Mtoto wa shule analindwa, na ni sawa kabisa. Lakini mtu wa klabu alijiona mtandaoni, akakasirika, akaenda kulalamika. Mtoto ana mzazi mwenye simu. Shosho wa kitanda cha nne hana simu ya kuona video yake, hajui imetazamwa mara ngapi, na kama ana dimensia huenda hakumbuki kwamba ulikuja. Mfumo wetu wote unasubiri mlalamishi. Mahali ambapo mlalamishi hawezi kujua kwamba amekosewa, mfumo unakaa tu unasubiri.

Na hapo ndipo tunafika kwa pesa, ambako ndiko kwenye kiini cha haya yote.

Weka lawama kando kwanza, ujiweke kwenye viatu vya mama anayesimamia makao yenye wazee ishirini na wawili. Wengi wao hawalipi, au wanalipiwa kidogo. Pesa za Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70 na akasajiliwa, na wewe unajua Sh2,000 inanunua nini leo. Nepi za watu wazima ni ghali, na mzee anahitaji kadhaa kwa siku. Kwa hivyo makao hayo yanaishi kwa wageni. Na wageni siku hizi wanataka picha. Kampuni inataka picha ya ripoti yake. Kanisa linataka picha ya skrini ya Jumapili. Klabu ya chuo inataka picha ya ukurasa wake, mwanasiasa anataka picha ya kila kitu. Ukikataa picha, mwakani hawarudi. Ukiwapa picha ya mzee aliyevaa vizuri anacheka, wanasema huyu hana shida. Picha inayolipa ni ya kidonda.

Umeelewa hiyo hesabu? Kadiri mzee anavyoonekana mgonjwa zaidi, ndivyo unga unavyokuja mwingi. Ugonjwa wake umegeuka tikiti ya chakula cha wenzake ishirini na mmoja. Halafu mtu anakuja kumuuliza, "Shosho, tukupige picha?" akiwa amesimama mbele ya magunia. Atasema nini? Atakataa ili wenzake walale njaa? Sheria inataka idhini itolewe kwa hiari, na inasema kazi ya kuthibitisha kwamba ilitolewa ni ya yule anayeitumia hiyo data. Kwangu mimi, ndiyo inayosemwa mbele ya gunia la unga haina tofauti kubwa na risiti.

Na usiniambie eti "lakini alicheka, alifurahi." Bila shaka alifurahi. Umekuja, umemshika mkono, umemuita shosho, au dani, au kukhu, au susu, na pengine wiki nzima hakuna aliyemgusa isipokuwa kumwosha. Alifurahia wewe. Hiyo si ruhusa ya kutangaza kwamba anajikojolea.

Kuna watu watasema hii yote ni siasa ya mitandao na haiwezi kutekelezwa. Si kweli, inawezekana bila hata kuongeza shilingi. Mfadhili anataka ushahidi? Mpe picha ya stoo iliyojaa. Mpe risiti, mpe barua ya msimamizi yenye muhuri, mpe picha ya mikono ikipokea, mpe picha ya jikoni, ya paa jipya, ya kuku. Mwambie kuna wazee ishirini na wawili, tisa wanahitaji nepi, na kumi na mmoja wana presha. Hiyo nambari inafanya kazi ile ile na haina uso wa mtu. Mfadhili akikataa hiyo akasisitiza kidonda, basi yeye alikuja kununua kitu kingine na si kutoa msaada, na afadhali tujue mapema.

Sasa nikubali hoja moja nzito kabla hujanitupia. Mwaka 2023 BBC Africa Eye walirusha uchunguzi uliorekodiwa kwa siri kwenye makao ya wazee Kiambu, na kamera iliyofichwa ikaonyesha wazee wakichapwa. Bila hiyo kamera nani angejua? Na msimamizi mbaya anapenda sana neno "faragha". Atakuambia huwezi kuingia chumba kile kwa sababu ya faragha ya wakaazi, kumbe ndani kuna mtu ana vidonda vya kulalia ambavyo havijasafishwa siku nne.

Naelewa. Lakini faragha ni ya mkaazi. Si ya jengo, wala si ya mkurugenzi. Msimamizi hawezi kuitumia kumficha mzee kutoka kwa mtu ambaye mzee mwenyewe anataka amwone, wala kutoka kwa daktari, afisa wa kaunti au polisi. Ukiona dhuluma, piga picha ukihitaji, lakini hiyo picha ni ushahidi na ushahidi una mahali pake: kituo cha polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, familia, mwandishi anayejua kuziba uso. Kuna tofauti kubwa kati ya kumpelekea afisa video ya kidonda na kuiweka TikTok ikiwa na wimbo. Ya kwanza inamtafutia huyo mzee daktari. Ya pili inakutafutia wewe wafuasi, na kidonda kiko pale pale.

Tuje kwa familia, kwa sababu huko nako kuna moto. Nani ana haki ya kujua ugonjwa wa mama? Kwetu jibu ni rahisi: mtoto mkubwa, au yule anayelipa. Anayetuma pesa kutoka Dubai ndiye anapigiwa simu, anapewa ripoti yote, halafu anaitupa kwa grupu ya ukoo ambako kuna wajomba, mashemeji na mtu mmoja ambaye hakuna anayejua alivyoingia. Lakini kulipa hakukupi umiliki wa figo za mtu. Kama mama ana akili timamu, yeye ndiye anaamua nani aambiwe, hata akichagua kitinda mimba asiye na kazi badala ya wewe unayelipa. Kama hana uwezo wa kuamua, sheria inasema haki zake zitumiwe na mtu aliyeidhinishwa rasmi kuwa mlezi au msimamizi wake. Mtu mwenye sauti kubwa kwa mkutano hatajwi. Na kuna mzee ambaye yuko katikati, asubuhi yuko sawa na jioni amepotea. Huyo ulizwa asubuhi.

Jambo lingine dogo ambalo halizungumzwi: simu. Tangu Oktoba 2024 tulipohamia SHA kutoka NHIF, usajili unapitia nambari ya simu. Sasa kama mzee hana simu, nambari inayowekwa ni ya mtu. Ni ya mhudumu? Ni ya mkurugenzi? Ni ya mjukuu? Mhudumu akiacha kazi, jumbe za mzee zinaenda na yeye nyumbani. Ukiwa na mtu wako huko, hilo swali liulize wiki hii, ni la dakika mbili.

Usidhani pia kwamba hii ni shida ya nchi maskini. Marekani wana sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA, tangu 1996. Bado Desemba 2015 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi uliopata visa 35 tangu 2012 vya wafanyakazi wa makao ya wazee waliosambaza picha za wakaazi mitandaoni, nyingi kupitia Snapchat, nyingine zikiwa za watu walio uchi. Mwaka uliofuata serikali ya huko ikaagiza wakaguzi wahakikishe kila makao yana sera ya kuzuia hayo. Nakutajia hii kwa sababu karibu kila mmoja wetu ana binamu au shangazi anayefanya kazi hiyo hiyo Minnesota, Massachusetts au Texas. Mpigie umuulize kama anaweza kupiga selfi na mgonjwa wake akaiweka stetasi. Atacheka, halafu atakuambia atafutwa kazi kabla ya zamu kuisha. Huyo huyo binamu akija likizo Desemba tunamchukua kwa prado kwenda kutembelea makao ya wazee Limuru, na simu inatoka. Hakusahau mafunzo yake pale JKIA. Anajua tu kwamba hapa hakuna atakayemuuliza.

Basi mwulize. Ukiwa unapanga ziara na kikundi chako, maliza hilo jambo la picha kabla ya siku yenyewe, kwa simu, mbali na magunia. Siku ya kwenda simu zikae kwenye mfuko mpaka mtoke nje. Ukiwa na mzazi au nyanya anayeishi huko, uliza makao kama yamesajiliwa na ODPC. Anayetoa huduma kwa wagonjwa anatakiwa kusajiliwa hata kama biashara yake ni ndogo, hiyo ni kanuni ya 2021, na cheti kipo, kinaweza kuonyeshwa. Uliza daftari la dawa linakaa wapi. Uliza nani yuko kwa grupu. Ukiwa wewe ndiye mhudumu, na najua mko wengi mnaosoma hapa, maana kozi ya miezi sita ya uhudumu ndiyo imebaki na kazi, ujumbe wa dawa tuma kwa familia moja moja. Ni kazi zaidi, najua, na mshahara ni ule ule.

Na kama kitu kimeshatoka, malalamiko yanapokelewa kwa maandishi au hata kwa mdomo. Hiyo ya mdomo ni muhimu, maana mzee asiyejua kuandika anaweza kusema tu na ofisi inatakiwa kuyaandika. Wana siku 90 za kuchunguza na kumaliza. Unaweza kwenda kwa niaba yake akikuidhinisha. Faini ya ofisi inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya mhusika, ile iliyo chini. Kuhusu stetasi yako ya kibinafsi, sheria haiingilii mambo ya nyumbani kabisa, lakini ukaunti wenye wafuasi elfu arobaini na nambari ya kuchangia, sijui utamshawishi nani kwamba huo ni sebule yako.

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu anayetengeneza video kwenye makao fulani. Tulikuwa tumekubaliana hakuna nyuso. Mzee mmoja, fundi wa zamani wa reli, akatuita yeye mwenyewe. Ana saratani ya tezi dume na alitaka kuongea, kwa sababu, alisema, wanaume wanakufa wakiona aibu kumwambia daktari wanakojoa vipi. Akakaa kwenye kiti, akaomba kofia yake, akaomba mfuko wa mkojo ufunikwe kwa shuka. Akasema jina lake la kwanza litoshe, uso hana shida nao, na mtoto wake wa kiume asitajwe popote kwa sababu wao wawili wana mambo yao. Aliongea dakika kumi na moja. Alipomaliza alitaka aitazame yote kwanza, akaamuru kipande kimoja kikatwe, pale aliposema kuhusu dawa za usingizi. Kikakatwa. Halafu akauliza itatoka lini, na kama tunaweza kumtumia mjukuu wake aliye Nakuru.